Kuhusu Joho la Mama Lililozidi Wekundu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Ufundi,
Mkutano wa Mwaka wa Wapenzi wa Katuni.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mashine yenu ya kukagua video nayo haijambo. Mimi ni fundi majokofu, mwanachama wenu kwa miaka tisa. Ndimi niliyetengeneza video ya dakika nne ya kumuaga Mama, fundi cherehani aliyewashonea ninyi nyote, wewe ukiwemo, mavazi ya mashujaa mnayotamba nayo mkutanoni. Macho yake yamechoka na mwaka huu anaweka sindano chini. Amekwisha kuwaalika dada zake watatu, mafundi kama yeye, waje wamwone kwenye skrini kubwa.

Video hiyo mmeikataa mara tano, kila mara kwa maelezo kwamba haijafikia viwango vya utangazaji wa televisheni. Sisi si televisheni, Ndugu Mwenyekiti. Skrini yetu ni shuka mbili zilizounganishwa, na aliyeziunganisha ni Mama. Lakini bosi hakosei, kwa hiyo naomba nieleze manung'uniko yangu kwa utaratibu.

1. Giza. Kanuni inataka video ianze na sekunde tano za giza. Nikaweka giza. Taarifa yenu ikarudi ikisema giza langu si jeusi vya kutosha. Nimelirekebisha.

2. Sauti. Dakika ya pili Mama anacheka, na mashine imeandika kwamba kicheko chake kimevuka kiwango kwa desibeli sita. Marehemu Baba alijaribu kukipunguza kicheko hicho kwa miaka thelathini na moja, akashindwa, akazoea. Mimi nimekipunguza kwa kubofya mara moja, na sasa Mama anacheka kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilijisikia vibaya siku nzima.

3. Kichwa cha mtu lazima kikae mbali na ukingo wa picha. Mama ni mrefu. Nimemshusha mpaka cherehani imetoka nje ya picha, na anayeonekana sasa ni mwanamke anayekanyaga hewa kwa bidii.

4. Joho. Hapa ndipo uvumilivu uliponiishia. Joho jekundu la shujaa mkuu, vazi la mwisho alilolishona Mama, mmelikataa kwa sababu "wekundu umezidi kiwango kinachoruhusiwa hewani". Kitambaa hicho alikichagua mwenyewe dukani, kwa kuwa nyekundu ndiyo rangi pekee ambayo bado anaiona vizuri. Nilipunguza, mkakataa. Nikapunguza tena, mkakataa tena. Katika toleo la sita, lililo kwenye flashi iliyomo humu, joho lina rangi ya chai iliyolala. Nimelipitisha kwenye mashine yenu jana, ikaandika SAFI kwa herufi kubwa. Video imefaulu. Aliyefeli ni Mama.

5. Kwa kuwa sheria ni msumeno, naomba viwango hivi vikate pande zote. Kanuni inampa kila mtu dakika nne, na hotuba yako ya mwaka jana ilichukua arobaini na saba. Uliitoa ukiwa umesimama mbele ya projekta, kichwa kikiwa nje ya shuka kabisa. Vazi lako la kijani liliwaliza watoto wawili wa safu ya mbele. Naomba upunguzwe rangi kwa asilimia thelathini, upewe sekunde tano za giza kabla ya kuongea, na nyingine arobaini baada ya hapo. Spika ya kushoto, ambayo ni bubu tangu mkutano wa tatu, nayo iandikiwe taarifa.

6. Kama hayo hayawezekani, basi pokeeni toleo la kwanza, lenye kicheko chote na wekundu wote. La sivyo, Jumamosi nitamsimamisha Mama mwenyewe mbele ya shuka, joho mkononi, mumkague mbele ya dada zake.

Nisalimie wajumbe wote, mpima sauti na mkewe, na mashine.

Ni mimi mwanachama wenu mtiifu, ambaye hadi sasa sijazidi kiwango,

Fundi Majokofu

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimwonyesha Mama toleo la kwanza kwenye televisheni ya sebuleni, ili anipe nguvu. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa. Joho lilipotokea aliacha kucheka. Kwa wekundu ule kila kitu kinaonekana, pamoja na mshono wa bega la kushoto, ambao umepinda vibaya. Wakati anashona hakuuona. Aliniomba nirudishe nyuma mara tatu, kisha akasema, "Mwanangu, dada zangu wanakuja na macho yao. Peleka ile iliyofifia." Kwa hiyo naomba mpuuze namba moja hadi sita, mtumie toleo la sita. Na kama kamati ina kanuni yoyote inayodai giza zaidi kidogo pale begani, upande wa kushoto, naomba mniandikie haraka nitekeleze.