Namba Nyuma ya "Watu wa Vidole Tisa"

Jumatatu, 6 Juni 1994

Baridi kali. Upepo wa huku Ufipa hauna hodi. Nimekaa stendi tangu asubuhi na meza yangu ya vitabu, makoti mawili ya mtumba mwilini, moja juu ya jingine. Wateja wanne. Wote wanataka kitabu kimoja: Watu wa Vidole Tisa. Nchi nzima inakisoma. Makondakta wanasema huko Dar kimechapwa mara ya tano. Sumbawanga kipo kimoja tu, cha kwangu, ninakiazimisha kwa siku. Jalada la mbele liliondoka zamani.

Shajara hii itasomwa na watu baadaye, nina hakika, kwa hiyo nieleze. Katika kitabu kuna kundi la siri. Kila mwanachama amekatwa kidole kimoja. Wanakutana nyumba kwa nyumba, wanaandikiana kwa namba, na biashara zote za nchi zimo mikononi mwao. Nimekisoma mara sita. Siku hizi kila kitu ruksa, kila mtu anatajirika. Mimi tangu tupunguzwe kazi ghalani nimepata makoti tu.

Leo kitabu kimerudi. Nafungua karatasi tupu ya mwisho. Namba! Kwa penseli!

L 9/6: 147, 32, 208
M 16/6: 55, 147, 19
A 23/6: 61, 208, 147

Nilikifunga haraka. Mteja akauliza nimeona nini. Nikamwambia panya.

Waliokiazima mwezi huu ni watatu. Leonsi, jirani yangu, tulipunguzwa kazi siku moja. Leo ana mashine ya kusaga. Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Leo ana lori. Mama Otilia, mjane. Leo ana bati nyumba nzima, mpaka jikoni. Watatu wote mambo yamewanyookea. Mwenye kitabu ndiye bado anaezeka nyasi. Na Masalu ana vidole tisa! Husema cha kumi kilinaswa na mnyororo wa plau. Aseme nini kingine?

Kundi lipo. Lipo hapa hapa. Nataka kuingia.

Jumanne, 7 Juni

Barua ya Justina kutoka Kaengesa. Mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake, na mwanangu ana miezi miwili sijamtia machoni. Wanarudi tarehe 18. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 26, na mama mkwe anakuja na ulezi wa pombe ya sherehe. Anauliza kama nimeshapanga na jumuiya.

Jumuiya! Nikaenda kwa katekista Kalisti. Akasema utaratibu naujua: baba wa mtoto ahudhurie sala ya jumuiya yake mara tatu, mwenyekiti atie sahihi kwenye kadi, bila hivyo padre hagusi maji. Nikamkumbusha kwamba nilijiuzulu. Mwaka juzi niligombea uenyekiti. Mama Otilia alipata kura kumi na moja, mimi moja. Aliyenipa ile moja namfahamu vizuri. Tangu siku hiyo sijakanyaga, na nilidhani jumuiya imeshakufa kwa kunikosa. Katekista akasema haijafa, imeongezeka. Zimebaki Alhamisi tatu, akasema, tarehe 9, 16 na 23, akanipa kadi.

Alhamisi! Tarehe zile zile za Kundi! Siwezi kuwa mahali pawili. Nilitembea hadi nyumbani nikiwaza, nikampita mama mzee bila shikamoo. Kisha nikaelewa. Wamechagua siku ya jumuiya makusudi, watu wema wakiwa wamekwenda kusali mitaa inabaki wazi. Hawa watu wana akili.

Uamuzi: kwanza Kundi. Nikishatajirika, ubatizo utajipa wenyewe. Hujapata kuona mtoto wa tajiri amekosa maji.

Jumatano, 8 Juni

Nimevunja siri! Namba ni kurasa. Unachukua neno la kwanza la kila ukurasa. Wa 147: Lete. Wa 32: Kuku. Wa 208: Usimwambie. Lete kuku, usimwambie! Nimemfunga miguu jogoo wangu mkubwa. L ni Leonsi. Nilijua tu ile mashine haikuja kwa jasho.

Alhamisi, 9 Juni

Saa kumi jioni nilikuwa nyuma ya ua wa matete wa Leonsi, jogoo kwapani. Wanaingia wawili wawili. Kila mmoja na kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki. Mama Otilia amebeba kitu kipana ndani ya kanga. Masalu akavua kofia mlangoni. Halafu kimya kirefu. Jogoo akawika.

Leonsi alitoka. Akamwona jogoo, akaniona mimi. Akampokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akanikaribisha ndani. Nikakataa. Ukurasa wa 90 uko wazi: anayeingia mara ya kwanza hatoki. Nikabaki uani. Baadaye wakaimba. Wimbo wa kanisani! Ndiyo janja yenyewe, polisi akipita anavua kofia. Mama Otilia anapandisha sauti ya kwanza kama mtu asiye na neno. Mwishoni wote wakapeana mikono, kila mtu na kila mtu, hakuna aliyerukwa. Nimeandika yote.

Sikuonja hata shingo ya jogoo wangu. Harufu tu ilinifikia.

Ijumaa, 10 Juni

Nimempa Leonsi mkono kwa salamu ya Kundi, kidole kimoja nimekikunja. Akauliza kama kidole kinauma, akanishauri nikikande kwa maji ya chumvi. Mtu huyu anajua kujificha! Inanikera kwamba nilikaa naye ghalani miaka minane nikidhani ni mjinga.

Alhamisi, 16 Juni

M ni Masalu. Maneno ya leo: Kohoa. Lete. Shingo. Nimesumbuka nayo wiki nzima, sikulala vizuri, uji umeungua mara mbili. Maana yake niliipata leo mchana: ukohoe, kisha ujilete mwenyewe, shingo yako mikononi mwao. Ni kiapo.

Saa kumi na robo, nyuma ya zizi la Masalu. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mara ya tano akatoka Rahel, mke wa Masalu, na kikombe cha maji ya moto ya majani ya mkaratusi. Akasema mwenyekiti amesema ninywe yote, tena nifunike shingo.

Shingo! Neno lenyewe! Nilikunywa mpaka tone la mwisho, machozi yananitoka kwa uchungu wa ile dawa na kwa furaha. Rahel akaniuliza kwa nini siingii, ndani kuna joto. Nikamwambia wakati wangu haujafika. Akanitazama kwa huruma. Wenye siri hutazama hivyo.

Jumamosi, 18 Juni

Wamefika na lori la mchana. Justina, mama mkwe, gunia la ulezi, jogoo mwekundu wa mama mkwe, na yeye. Mwanangu. Ataitwa Timoth. Nilipopewa nimshike nilisahau Kundi lote. Alishika kidole changu, akakataa kukiachia. Ana vidole kumi. Nimehesabu mara mbili.

Nilimwamkia mama mkwe kwa adabu. Akaitikia akiangalia paa.

Jumanne, 21 Juni

Mambo yameharibika. Justina aliomba kadi ya ubatizo. Ikatoka mfukoni mwa koti, tupu, haina hata sahihi moja. Nilisema nina shughuli kubwa Alhamisi, asiniulize. Hakuniuliza. Alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba mtoto asipobatizwa Jumapili, Jumatatu yeye na Timoth wanarudi Kaengesa, atabatizwa kule kwa jina la ukoo wa mama, nami nitabaki na vitabu vyangu. Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi. Akaanza kurudisha vikombe vyake kikapuni kimoja kimoja.

Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma leo: naogopa. Usiku kucha nimesikia mtoto anavyopumua.

Jumatano, 22 Juni

Makubwa! Nimetafuta maneno ya kesho. 61: Msaliti. 208: Usimwambie. 147: Lete. Na herufi ni A. L ilikuwa nyumba ya Leonsi. M nyumba ya Masalu. A ni Adolfu. Ni mimi! Wamejua nimevunja siri. Katika kitabu, nyumba ya msaliti huzungukwa jioni, na kesho yake anaonekana mbwa wake tu.

Kabla sijakifunga kitabu Justina akaniambia nifagie uwanja, kesho saa kumi kutakuwa na wageni. Nikauliza wageni gani. Akasema nisijifanye sijui. Wamempitia mke wangu!

Nimekimbia kwa Limbu, kamanda wa sungusungu. Nimemweleza yote. Akauliza kama wezi hao wataiba ng'ombe. Nikasema watachukua shingo yangu. Akasema hilo si la kwake hasa, lakini atakuja.

Alhamisi, 23 Juni

Naandika mkono unawasha. Nieleze kwa mpangilio.

Saa tisa Justina na mama mkwe walikwenda mashineni na mtoto. Nikafunga nyumba kwa kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni, nikapanda na kujitumbukiza ndani ya kihenge cha mahindi. Limbu akasimama chini na upinde wake na filimbi. Magunzi yalinichoma kila mahali.

Saa kumi wakaja. Nilichungulia kwenye upenyo. Kumi na wanne! Mama Otilia akabisha mara tatu. Akasema hodi. Limbu akapuliza filimbi. Masalu akageuka, akamwona, wakaanza kusalimiana Kisukuma: habari za nyumbani, habari za ng'ombe, habari za nyasi, ng'ombe mmoja mmoja. Hivi ndivyo ulinzi wangu ulivyokwisha. Mama Otilia akaona mlango una kufuli, akasema si kitu, akafungua ile kanga. Ndani yake ilikuwamo picha ya Bikira Maria. Wakaitundika kwenye kihenge. Kwenye kihenge changu, mimi nimo! Wakaanza kuimba.

Justina akarudi, unga kichwani, mtoto mgongoni. Akauliza ufunguo uko wapi, chai iko ndani. Hakuna aliyejua. Mama mkwe akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Limbu, ambaye sitamsamehe, akanyoosha upinde juu.

Nikatoka. Maganda ya mahindi masikioni. Hakuna aliyecheka mpaka nilipopiga chafya, hapo walicheka wote, na Leonsi akalazimika kukaa chini.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikatoa kitabu, nikawaonyesha namba, nikasema siri yao naijua. Mama Otilia akakinyakua kwa furaha, akasema kumbe orodha yake ilibaki humo! Alikosa karatasi siku ya kupanga zamu. Zile ni namba za nyimbo, akasema, na herufi ni nyumba zinazopokea sala, na zamu ya leo mke wangu aliikubali kwa barua. Wa 147 anaupenda, ndiyo maana haukosi. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kitabu ni kizuri ila mwisho anaufahamu tangu katikati.

Justina alikuwa ameshika kadi tupu. Hakulia. Hapo ndipo nilipotaka kulia mimi. Nikamwambia mwenyekiti, mbele ya watu wote, kwamba nimekosa, kwamba sikuhudhuria hata siku moja na mtoto anaadhibiwa kwa kichwa cha baba yake.

Mama Otilia akavaa miwani. Akafungua daftari la mahudhurio, akasoma. Tarehe 9: Adolfu, yupo, nyuma ya ua, ameleta jogoo. Tarehe 16: Adolfu, yupo, nyuma ya zizi, mgonjwa. Akalamba penseli, akaandika. Tarehe 23: Adolfu, yupo, ndani ya kihenge. Akasema mara tatu ni mara tatu, kanuni haisemi ukae wapi. Akatia sahihi.

Justina alinipangusa maganda kichwani. Alitumia nguvu kuliko ilivyohitajika. Limbu, ambaye si Mkatoliki, alikunywa vikombe vinne vya chai.

Jumapili, 26 Juni

Timoth amebatizwa! Hakulia. Maji yalikuwa baridi kama ya mtoni, lakini alimkazia padre macho tu. Mama mkwe alinishika mkono mbele ya watu. Kwangu hiyo ni kubwa kuliko lori.

Sasa niandike jambo lenyewe. Kanisani kuna ubao ukutani wa namba za nyimbo. Leo ulisomeka 61, 208, 147. Nimeelewa, ni nyimbo. Mimi si mjinga. Lakini walipofika wimbo wa 147 nilifungua Watu wa Vidole Tisa polepole chini ya benchi, kuhakikisha tu. Ukurasa wa 147, neno la kwanza: Lete. Nikainua kichwa. Katekista Kalisti alikuwa amesimama mbele yangu na kikapu cha sadaka, amekinyoosha, ananitazama usoni.

Lete!

Yaani ni katekista. Siku zote alikuwa ni katekista! Wale wengine waliimba tu. Nilipompa mkono mlangoni kidole chake kimoja kilikuwa kimekunjwa. Alisema ni baridi.

Mama Otilia amesema sala ya Alhamisi ijayo ni kwa Kalisti, na safari hii niingie ndani kama watu. Nimeitikia. Nyuma ya nyumba yake kuna miti mizuri ya mikaratusi, mtu anaenea kabisa. Jogoo aliyebaki hapa ni mmoja, yule mwekundu wa mama mkwe. Nimeshamfunga miguu.