Jeti ya Chumba cha Kusomea

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mvua tangu asubuhi. Sista Priscila ametuita kwenye chumba kipya cha kusomea cha misheni, Gozbert na mimi, akaweka sanduku mezani. Limeachwa na daktari mgeni aliyekuja kuhudumia wakimbizi. Sasa amerudi kwao. Ndani: ndege ya jeti ya plastiki, vipande vitupu, ya kuunganisha kwa mkono. Injini tatu, zote mkiani. Ya kweli niliwahi kuiona Bujumbura nilipokuwa mwalimu kijana. Ilishuka taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto bila kutaka kumwamsha.

Sista anataka isimame mezani siku ya ufunguzi, Jumapili ya tarehe kumi na tano. Ametukabidhi sisi wawili. Kuhusu ufunguo hakusema neno. Hakuhitaji. Chumba kinatafuta mtunzaji, na mtunzaji ndiye atakayeshika ufunguo. Atasoma mpaka macho yachoke, bila kufukuzwa na kengele. Atakuwa wa kwanza kufungua magazeti yanayoletwa na basi kutoka Biharamulo. Kwa sasa, tunaposomea barazani kwa masista, wa kwanza ni Gozbert, karani mstaafu wa posta, jirani yangu. Hujaza chemshabongo yote kwa wino. Kwa wino! Na hukosea.

Kwa hiyo: atakayeijenga ndege ndiye atakayepewa ufunguo. Ni mantiki tupu. Nikajitolea kulitunza sanduku nyumbani kwangu, kwa kuwa paa la Gozbert linavuja. Gozbert akakiri kuwa linavuja, akanishukuru. Inaudhi sana mtu kukushukuru wakati unamzunguka.

Jumanne, 3 Machi

Nimefungua sanduku baada ya kupalilia migomba. Vipande vimeshikana kwenye fremu zake kama ndizi changa kwenye mkungu. Nimetoa mapanga ya injini ya kwanza, membamba kuliko ukucha, kila moja limepinda kidogo upande uleule. Aliyechonga haya hakuwa na haraka ya kwenda popote. Nampa heshima zangu zote, huko aliko.

Maelekezo yameandikwa Kijapani. Michoro tu ndiyo inayosomeka.

Mpango: kugawana kazi. Mwili, mabawa na injini, mimi. Magurudumu na takataka nyingine za kuumiza macho, Gozbert. Nilimweleza kuwa magurudumu ndiyo roho ya ndege. Aliguswa.

Mke wangu Adelfina amesema mlango wa banda la mbuzi unaning'inia tangu Krismasi, kumbe mikono yangu ni mizima. Nikamwambia hizi ni kazi za aina mbili. Akasema ameona, moja ina faida.

Alhamisi, 5 Machi

Gozbert ameleta magurudumu. Nilikuwa nimejiandaa kuyasikitikia. Sikupata nafasi. Ameyasugua mpaka mshono hauonekani, akayapaka rangi ya kijivu, na katikati ya kila moja kuna kiduara cha fedha kilichotulia kabisa. Nikamuuliza alishikaje brashi. Akasema hakutumia brashi, alitumia mwiba wa mlimau. Nimeyatazama muda mrefu. Yule mtu ana mikono ambayo posta ilimharibia kwa kugonga mihuri.

Kisha akaniuliza kuhusu mchoro mmoja. Ndani ya pua ya ndege kumechorwa donge jeusi, na mshale unaelekea humo. Donge hilo kwenye sanduku halimo. Je, ni nini?

Sikujua. Lakini mwalimu wa jiografia hawezi kusema hajui mbele ya karani wa posta. Nikasema ni rada, na rada huwa ni siri, ndiyo maana hawakuiweka. Gozbert akapendekeza tungoje kwanza, tumuulize Sista. Gundi nilikuwa nimeshaipaka. Nikafunga mwili.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa. Gundi imekauka, nikabandika mabawa, injini na magurudumu, nikaisimamisha mezani. Ikakaa chini. Kwa mkia! Pua juu, magurudumu ya mbele hewani, kama kuku anayemeza maji. Nikaisimamisha tena. Ikakaa tena. Injini tatu mkiani, na puani hewa tupu.

Sasa najua lile donge ni nini. Ni uzito.

Adelfina akapita, akasema Baba Iteka, mbona mgeni wako kachoka kabla ya safari.

Gozbert asijue. Kando ya magurudumu ya mbele kuna tundu linalofika puani. Mawe? Yatacheza ndani, kila atakayeigusa atayasikia. Misumari haiingii. Nikatazama huku na huku, nikaona gunia la maharage. Yale madogo mekundu, mavuno ya mwaka huu, makavu, laini, yanapangika. Niliyasukuma moja moja kwa kijiti mpaka pua ikainama yenyewe, kwa adabu kabisa. Nikakatakata mabaki ya fremu, nikayayeyusha kwenye gundi, nikaziba tundu. Ilikuwa kazi safi. Najisifu kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kujua.

Gozbert alipofika jioni akaikuta imesimama imara kwa miguu yake mitatu. Akaizunguka meza. Akauliza nimefanyaje mkia usishinde. Nikasema ni hesabu. Akavua kofia.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya misa Gozbert ameniletea kipande cha msasa wa maji, alichopewa na mpaka rangi wa magari huko Biharamulo. Msasa mkavu huchubua, akasema. Huu unaulowesha kwa ncha ya kidole, kidogo tu, unaupitisha juu ya mshono kama unapangusa kioo cha miwani. Akanionyesha kwenye bawa. Mstari wa gundi ukatoweka mbele ya macho yangu. Nikahisi vizuri, kama nilivyohisi zamani mwanafunzi mzito alipopata jibu.

Alitaka tuendelee pamoja kesho. Nikakubali. Alipoondoka nikawaza: mshono wote nikiumaliza peke yangu, ufunguo ni wangu. Na kama maji kidogo ni mazuri, maji mengi ni mazuri zaidi. Nimeizamisha ndege nzima kwenye beseni la kufulia ili vumbi na gundi vilainike. Italala humo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeitoa. Nimesugua tangu asubuhi. Mgongo wake ni laini kama yai. Vioo vya rubani nimeving'arisha kwa dawa ya meno, vinaonyesha mpaka mistari ya kiganja changu upande wa pili. Nimekaa nikiitazama, nimesahau chai.

Jambo dogo tu. Chini ya pua kumetokea ufa, mwembamba kama unywele. Baridi ya maji, bila shaka. Nimeongeza gundi na kuifunga pua kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nimekaza sana. Gozbert nilimwambia ndege imepumzishwa, ni kawaida katika kazi hizi.

Jumatano, 11 Machi

Siandiki haya kwa kupenda.

Gozbert alikuja na rangi nyeupe. Hakutaka kusikia habari za mapumziko. Akafungua ile mipira mwenyewe, taratibu, na pua ya ndege ikafunguka kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema kitu siku nyingi. Likaanguka harage moja mezani. Likafuatwa na mengine. Yamevimba, yameng'aa, manono.

Nikasema ni plastiki, plastiki za siku hizi hazistahimili masika.

Gozbert akaokota moja, akalisogeza karibu na miwani yake. "Ndizeye," akasema, "plastiki gani inaota mizizi?"

Kweli lilikuwa na kijimkia cheupe.

Alicheka mpaka akakaa. Adelfina akaja kutazama, akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema usiku ule aliona kitu kimelowekwa kwenye beseni, akadhani angalau kwa mara moja nimemsaidia kupika. Mtoto yeyote wa nyumba hii, akasema, anajua harage likilala majini linaamka kubwa mara mbili. Mimi nimeyala maharage miaka sitini. Hakuna aliyewahi kuniambia yalikolala.

Nilingoja Gozbert avae kofia aende kwa Sista. Ningekuwa yeye ningekwenda. Ufunguo ulikuwa umeshaingia mfukoni mwake; kilichobaki ni kutembea mpaka misheni. Lakini alijifuta machozi, akamuuliza Adelfina: "Shemeji, ni kitu gani kidogo, kizito, na hakinywi maji?"

Adelfina akasema risasi za nyavu.

Alhamisi, 12 Machi

Mkwe wa Gozbert ni mvuvi ziwani. Nyavu zake zilizochakaa ndizo Gozbert alizozungushia banda la kuku, na vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu bado vilikuwa vinaning'inia pembeni, vikizishikilia nyavu chini. Amevikata vyote. Tulipokuwa tunavipanga puani, kuku wake walipita chini ya nyavu nyepesi, wakaingia kwenye mchicha wake. Mkewe aliita kutoka ng'ambo. Gozbert alisema anasikia, akaendelea.

Leo nimekaa nikatazama tu. Alisawazisha kingo za ule ufa kwa wembe, akarudisha umbo la pua kwa ile rojo ya fremu na gundi, tabaka juu ya tabaka, akisubiri kila moja ikauke. Mimi nilimsomea michoro. Nilipokuwa sijui nilisema sijui. Niliona ajabu, kumbe haiumi sana. Mistari ya mabati ya mwili iliyofutika kwa ujinga wangu aliichora upya kwa sindano, akifuata ukingo wa kipande cha bati la mkebe. Hakukosea hata mmoja. Mtu anayejaza chemshabongo ovyo vile anawezaje kuchora mstari ulionyooka hivi?

Jumamosi, 14 Machi

Imekamilika. Nyeupe mgongoni, kijivu tumboni, mstari wa bluu kupitia madirishani. Mstari huo ni stika. Unauloweka majini, unautelezesha mahali pake kwa unyoya. Huo nimeuweka mimi. Umenyooka. Gozbert ameukagua kutoka pembe zote, akasema, "Mzee mwenzangu, hapo sina la kuongeza." Nimeyaandika maneno yake hapa ili asije akayakana.

Tangu tuikimbie Burundi mwaka sabini na mbili nimejenga nyumba mbili katika nchi hii, jiko, na mabanda yasiyohesabika. Vyote nilivijenga nikijiambia ni vya muda, tutarudi. Nikaacha kuta bila lipu, kwa nini kupaka lipu kitu cha muda? Adelfina ameacha kuuliza. Hii ndege ndicho kitu cha kwanza nilichokisugua mpaka mwisho. Imesimama mezani kwa miguu mitatu, pua imeinama kidogo, na sioni mahali popote pa kusahihisha.

Ni nzuri. Natamani aliyeichonga aione.

Jumapili, 15 Machi

Ufunguzi. Chumba kimejaa. Baba Paroko amebariki, watoto wa shule wamepanga mstari kuitazama ndege. Mzee mmoja Mhangaza, mwenyeji wa hapa, aliinama, akachungulia vioo vya rubani, akauliza wamepanda wangapi. Gozbert alisimama akaeleza kuwa kazi ni yetu sote wawili, na maharage hakuyataja. Mimi pia nilisimama. Nilisema mengi. Sikumbuki kama nilimtaja Gozbert, lakini nilimwangalia.

Kisha Sista Priscila akanivuta pembeni.

"Mzee Ndizeye," akasema, "ufunguo ulikuwa wako tangu Jumatano ya Majivu. Nani mwingine hunisumbua kila siku kengele ikilia? Lakini Mama Iteka amenihadithia mlivyohangaika na hiyo ndege, wewe na Mzee Gozbert. Nikaona itakuwa dhambi kuwatenganisha."

Tangu Jumatano ya Majivu! Kabla ya sanduku. Kabla ya harage la kwanza.

Akatoa kufuli mbili. Mlango utafungwa kama sanduku la sadaka la parokia, ambalo wazee wawili hulifungua pamoja, kila mmoja na ufunguo wake, na mmoja peke yake halifungui. Ufunguo wa kwanza kwangu. Wa pili kwa Gozbert. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia, kwa kuwa ndege ilikuwa inatutazama.

Kwa hiyo magazeti yatafunguliwa na sisi wote kwa pamoja, na yeye kalamu ya wino iko tayari mfukoni.

Lakini nimeuchunguza mlango watu walipokuwa wanakunywa soda. Fundi amekosea. Bawaba zimefungwa kwa nje. Skrubu zenyewe ni fupi, mtu mwenye mkono mtulivu anazitoa bila kugusa kufuli yoyote, anasoma gazeti lake kwa raha, anazirudisha. Hakuna dhambi katika kurudisha. Basi la Biharamulo linafika kesho. Nitakwenda mapema.

Gozbert amepita hapa jioni kuazima bisibisi. Nimemwambia imepotea. Siku ya Jumapili, mtu mzima kama yule, anataka bisibisi ya nini?