Maktaba Isiyopoteza Kitabu

Jumatatu, 4 Oktoba 2004
Kwa unyenyekevu mkubwa natangaza: maktaba ya shule yetu hapa Kitengela imepata kufuli jipya. Ufunguo uko shingoni mwangu, chini ya vesti. Ijumaa mhadhiri wangu, Daktari Apondi, anakuja kunikagua kazini. Nikipita, napata shahada ya uzamili ya ukutubi, na maktaba ni yangu. Nikianguka, nafundisha Kidato cha Pili mpaka nistaafu. Mungu apishe mbali! Mpango: hakuna mwanafunzi kuingia hadi Ijumaa. Kitabu kisichoguswa hakipotei. (Tasnifu yangu inahusu kukuza mapenzi ya kusoma. Hilo ni jambo lingine.)

Mke wangu Wayua amesema, "Baba Nzilani, wenzako wananunua ploti Kajiado, wewe unanunua kufuli." Nani amemtuma?

Jumanne, 5 Oktoba
Madam Nelima wa sayansikimu ameniuliza maktaba itafunguliwa lini. Kwa tabasamu! Mtu hatabasamu bure. Anaitaka hiyo kazi. Nimemwambia vitabu vinapumzika.

Jumatano, 6 Oktoba
Wizi! Rafu ya hadithi ina mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno. Kufuli halijaguswa. Nje, chini ya dirisha, mbuzi wa Parmuat, mlinzi wetu, anatafuna karatasi. Nimemhoji Parmuat. Amecheka hadi rungu likamponyoka. "Mwalimu, hiyo mbuzi haijafika hata nasari!" Karatasi ilikuwa ya unga. Bado siwaamini. Wote wawili.

Alhamisi, 7 Oktoba
Vingine vimeenda! Jioni nimejificha nyuma ya tangi la maji. Nikamwona Nelima akitoka upande wa maktaba, kikapu kimejaa, kimefunikwa leso. Aha! Kesho namtaja mbele ya daktari. Nimefanya mazoezi ya kunyoosha kidole mbele ya kioo. Wayua ameuliza kama bega linaniuma.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimepita. Kwa alama za juu.

Sasa ukweli. (Wayua, kama unasoma, ishia hapo.) Dirisha la maktaba lina komeo bovu. Mimi nilifunga mlango tu. Nelima alikuwa anavitoa vitabu kwa dirisha na kuwaazima wanafunzi. Daktari akiwa anatazama mapengo, nami kidole kiko juu tayari kumtaja mwizi, kengele ya mapumziko ikalia. Wanafunzi wakapanga laini. Dirishani! Msichana mmoja akaingiza mkono bila kuchungulia, akarudisha kitabu, akaomba kingine haraka, akidhani aliye ndani ni Madam Nelima, kabla Mwalimu Munguti hajakuja. Mwalimu Munguti ni mimi.

Daktari akasema tangu aanze kukagua maktaba hajaona watoto wakipigania vitabu namna hii. Akauliza wazo hili zuri ni la nani.

Kidole kilikuwa bado hewani. Kikageuka chenyewe, kikanionyesha mimi.

Nelima alikuwa ameshafika pale nje ya dirisha, anasikia kila kitu. Akaniangalia kidogo. Akasema, "Ndiyo, daktari, ni yeye. Mimi namsaidia tu."

Jumatatu, 11 Oktoba
Nelima ameniletea chapati za pongezi! Moto, zimekunjwa vizuri. Mtu unamwibia jasho lake, halafu anakupikia? Haiwezekani. Nimempa Kiema wa hesabu aonje kwanza. Amezila zote. Hajaanguka. Hata tumbo halijamkata.

Kwa hivyo yeye na Nelima wako pamoja.