Kofia ya Kahawia na Kidole cha Ziada

Jumatatu, 3 Juni

Kwako Mama Watoto,

Kofia uliyoninunulia nimeichemsha. Naliandika hili mwanzo kabisa, nisije nikakosa ujasiri mbele ya safari.

Ilikuwa hivi. Kitinda mimba wetu anaolewa Jumamosi. Jana kaniambia ana ombi moja tu: nimwingize ukumbini nikiwa nimevaa kofia ya mama. Anaiita hivyo ingawa kichwa ni changu. Nikaitoa kabatini. Ina alama ya jasho kwa mbele. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiishikia juu ya mvuke wa birika, halafu unaipiga brashi taratibu huku unanisema kwa kuilaza kwa ukingo wake. Nikawaza: kama mvuke unafaa, basi maji yenyewe yatafaa zaidi. Nikaitia kwenye sufuria. Sabuni kidogo. Nikakoroga.

Imetoka ndogo, ngumu kama bakuli. Nimejaribu kuivaa, imekaa utosini kama kifuniko cha chupa.

Nimeificha ndani ya lile sufuria letu kubwa la shughuli, ambalo hakuna aliyeligusa tangu uondoke. Nitatafuta nyingine ya namna ileile, rangi ileile. Binti hatajua kitu. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji amekuja asubuhi kukagua maandalizi. Kukagua ni neno lake. Unamjua kaka yako. Kavaa kofia yake ya manyoya ya sungura, ile anayoivua kwa vidole viwili kana kwamba ameshika yai. Kauliza baba wa bibi harusi atavaa nini. Nikamwambia ile yangu ya sungura. Akacheka kwa pua.

"Shemeji," akasema, "huyo sungura wako mimi nimemsikia akilia mee."

Miaka yote namwambia yangu ni ya sungura na miaka yote ananijibu hivyo hivyo.

Kisha akaongeza, kwa upole ulioniudhi kuliko kicheko, kwamba nikiona siko sawa siku hiyo, yeye yupo. Atamwingiza binti yeye. Hakuna atakayenilaumu, mwaka wenyewe umekuwa mzito.

Alipokwenda kunawa, nikaona nafasi ya uchunguzi. Niliwahi kusikia kwamba kofia ya sungura haipitishi maji upesi, tone linakaa juu kama shanga. Nikadondosha tone kwenye kofia yake. Likakaa. Nikaongeza jingine. Likakaa. Nikamimina nusu kikombe. Shemeji akarudi, taulo mkononi, akauliza ninafanya nini. Nikasema naimwagilia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akaikung'uta mara moja. Ikawa kama haijawahi kuona maji. Akaivaa, akaondoka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 5 Juni

Nimefungua kapu lako la kushonea. Samahani. Sikugusa kingine, uzi tu.

Kila kitu ulikipima kwa uzi. Dirisha, mto wa kiti, kiuno cha binti. Kila uzi una fundo lake na alama yake ili usichanganye. Wangu umeutundikia kifungo cha shati langu la kazini, lile la buluu. Nilikuwa nimekitafuta kile kifungo mpaka nikamshuku dobi.

Nikaenda nao duka la kofia. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hana haraka na mtu. Nikamwekea uzi mezani. Akaniangalia, akauangalia.

"Baba, kichwa si umekuja nacho?"

Nikasema ndiyo, lakini uzi unanijua zaidi. Akasema wateja wengine huleta kichwa wakasahau pesa, mimi ni wa kwanza kuleta uzi nikasahau kichwa. Akataka kuzungusha futi yake juu ya masikio. Nikarudi nyuma hatua nzima. Ulinipima wewe. Sioni sababu ya kupimwa tena.

Akaacha. Akaweka kofia mbili mezani, akanifundisha bila kujua kwamba ananichoma. Felti ya kofia hizi haifumwi, akasema. Ni manyoya yanayoshindiliwa kwa maji ya moto na mvuke mpaka yakashikana. Na ikikutana tena na maji ya moto na kukorogwa, inashikana zaidi. Nikakohoa. Akaniuliza kama nina mafua.

Ya kwanza ni ya sungura. Laini, nyepesi, ukikunja ukingo unarudi wenyewe mahali pake. Mvua haiisumbui. Ya pili ni sufu ya kondoo. Ukiipitishia kidole gumba unasikia ukavu. Nzito kidogo, na ikilowa sana ukingo unalegea. Akaniuliza ya zamani ilikuwaje. Nikamweleza: nzito kwa mbele, na ile siku tuliponyeshewa stendi ukingo ulining'inia, nawe ukanicheka mpaka ukashika ukuta.

Akasema hiyo ilikuwa sufu. Sufu nzuri, iliyochaguliwa na mtu anayejua, lakini sufu.

Nimelifikiria hili njia nzima. Hukuwahi kusema sungura. Sungura nilimleta mimi. Wewe ulisema tu, "Vaa, jua kali."

Basi yule mama akaniambia nifumbe macho, aniwekee moja baada ya nyingine, zote za saizi kubwa za kujaribia tu. Ya sungura sikuisikia. Kama sikuvaa kitu. Ya sufu ilipokuja, uzito ulitua palepale, juu ya nyusi, kama mkono. Sikufungua macho kwa muda. Nilimsikia mwenye duka akienda kupanga maboksi ambayo hayakuhitaji kupangwa.

Nikasema nachukua kondoo.

Ya kahawia ipo moja tu, ndogo. Ataitanua kwa mvuke juu ya kichwa cha mbao mpaka ifike kwenye fundo. Nichukue Ijumaa. Akauliza uzi umepimwa kwa kubana au kwa nafasi, kwa sababu kofia njema inaacha upenyo wa kidole. Nikajibu kama mtaalamu: kwa kubana, aongeze kidole. Akauliza kama nina hakika. Nikasema, mama, nimeishi na huyo mpimaji miaka mingi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Sikai mahali pamoja. Nimepiga pasi suruali, nimeikunja, nimeipiga tena.

Binti kaja kutafuta sufuria kubwa. Wapishi wanalitaka. Nikamwambia limetoboka. Akasema alilitazama mwezi uliopita, zima. Nikasema limetoboka tangu hapo. Alipoingia stoo nilikuwa nimeshawahi kulikalia.

Akauliza kwa nini nimekalia sufuria. Nikasema mgongo. Akasimama hapo mlangoni, mikono kiunoni, kama wewe kabisa, kisha akasema haya baba, pumzika. Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mfuniko una kishikio katikati.

Baadaye nimekuta sufuria limechukuliwa. Kofia haimo. Nimetafuta stoo yote, mpaka kwenye gunia la mkaa. Labda wapishi wameitupa. Labda wanaipika. Siwezi kuuliza bila kujitaja.

Ijumaa, 7 Juni

Kofia mpya imepatikana. Nzuri mno. Kahawia ileile, ukingo uleule, utepe wa ngozi kwa ndani unanuka upya. Nikaivaa mbele ya kioo cha dukani na duka likapotea. Imeshuka mpaka puani.

Mwenye duka hakusema "nilikwambia". Ningependa angesema. Alisema tu kwamba anaweza kuweka kipande cha sponji nyuma ya utepe wa ngozi, kazi ya muda mfupi, nikae kwenye kiti. Lakini lazima anipime. Nikamwambia asante, nitaishughulikia nyumbani.

Nimeishughulikia kwa gazeti. Nimelikunja vizuri, nimelizungusha ndani. Sasa inakaa. Nikigeuza shingo inasema chwa chwa, kwa hiyo kesho sitageuza shingo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi. Miguu inauma, naandika nikiwa bado na tai.

Mlangoni mwa ukumbi mambo yalikuwa sawa. Watu wamesimama, muziki umeanza, binti kanishika mkono. Balaa likaja pale shangazi yake mkubwa aliponipa mkono wa pole na hongera kwa pamoja. Nikainama kama adabu inavyotaka. Gazeti likaanguka lote, ukurasa wa matangazo ya viwanja. Kofia ikashuka. Giza.

Nilisikia viatu vya shemeji. Nilivijua kwa mlio. Akaokota gazeti.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kumbe sungura wako anafuatilia habari?"

Nilikuwa tayari nimekubali. Nilitaka kumwambia haya, mwingize wewe, mimi nitafuata nyuma kama kipofu. Lakini hakuuchukua mkono wa binti. Alilikunja gazeti, akalitia mfukoni mwake, akarudi mahali pake.

Binti akaiinua kofia kutoka machoni mwangu. Akaniuliza taratibu ilipimwa kwa nini. Nikasema kwa uzi wa mama. Akauliza na dukani waliongeza? Nikasema kidole.

Akacheka, na wanja ukaanza kumharibika. Akasema, "Baba, mama alikuwa akipima huku kidole chake kiko ndani ya uzi. Ili usimbane mtu. Hata mimi alinipima hivyo."

Kwa hiyo nafasi ilikwishawekwa. Ya pili ilikuwa ya ujinga wangu.

Hakutafuta karatasi. Alichomeka vidole vyake viwili kati ya utepe wa ngozi na kichwa changu, nyuma ya sikio, akakaza. Ikakaa sawasawa. Tukaingia hivyo, ukumbi mzima, mkono wake mmoja umeshika maua na mwingine umenishika kisogo kama mtu anayempeleka kondoo sokoni. Watu walidhani ni mtindo. Nimesikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba siku hizi ndivyo wanavyofanya.

Na ile ndogo? Alipokuwa anaingia garini kuondoka, alifungua mkoba akaitoa. Aliiona tangu Jumatatu, akifungua sufuria kuona kama ni safi. Muda wote nilipokuwa nimelikalia, alikuwa anajua nimekalia nini. Akaivaa. Mama Watoto, imemkaa barabara. Ukingo umejipinda kwa moto, lakini kwake unapendeza. Akaniambia hainirudishii. Gari likaondoka nayo, kahawia dirishani.

Nyumba imekuwa kubwa sana leo.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaja kunijulia hali. Kisha akaichukua kofia yangu, akaipitishia kidole gumba, akasema, "Felti nzuri." Nikamjibu ni sungura. Akasema ndiyo, anaona. Akakohoa kidogo. Nilidhani atalia mee, hakulia.

Alivyoondoka nikaikagua. Kuna alama ya mafuta ukingoni, ya jana, waliponikumbatia wale waliotoka kula. Yule mama wa duka alisema alama ya mafuta niipeleke kwake, asiisafishe mtu yeyote nyumbani, hasa mimi. Lakini duka limefungwa leo, na mimi siwezi kukaa na alama.

Nimefikiri vizuri safari hii. Kosa la kwanza lilikuwa maji ya moto. Haya yatakuwa ya uvuguvugu. Na sabuni nusu ya ile. Na sitakoroga, nitatikisa. Sufuria liko jikoni. Nilisahau kulitazama wakati naandika, kwa hiyo yamechemka kidogo, lakini nitayapuliza.

Uzi nimeurudisha kapuni mahali pake, na kifungo chake.

Huko uliko, ukipata nafasi, unikumbuke.