Kirikuu Iliyomwamkia Mjomba

Leo nimeaibika, tena mbele ya ukoo mzima. Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wambea.

Nimenunua Kirikuu, kigari cha mizigo, imetoka Japani, niliichagua kwa picha za kwenye simu. Asubuhi nikaipeleka Mkuyuni kwa mjomba. Sisi Waluguru shamba la ukoo msemaji ni mjomba, na mimi nilitaka mananasi yote yabebwe na gari langu. Pikipiki nimeshauza ili niinunue. Akikataa, nimekwisha.

Nikaingia napiga honi kama bwana harusi. Mjomba akaizunguka, akapiga teke tairi, akasema kagari kenyewe kadogo, milima yetu hakaiwezi. Nikaiwasha nimwonyeshe. Humo ndani, kwenye kidude karibu na usukani, dada wa Kijapani akaongea, sauti laini hiyo!

Mjomba akashtuka. "Anasemaje?"

(Mdomo huu utaniua.) Nikajibu, "Anakuamkia, mjomba. Ndiyo shikamoo ya kwao."

"Marahaba, mwanangu."

Uso ukamchanua. Akawaita mama wadogo, akaita na majirani. Nazima, nawasha. Nazima, nawasha. Kila mtu na marahaba yake. Mjomba akatangaza mananasi ni yangu kuyabeba, na vijana wa siku hizi waje wajifunze adabu kwa gari.

Ndipo akatokea shemeji yangu, anayetoa magari bandarini Dar. Akasikiliza mara moja, akacheka mpaka akakaa chini. Akawaeleza kwamba Japani barabara kubwa zinalipiwa kwa kadi, na huyo dada analalamika kadi haijawekwa.

Mama mdogo aliyeitikia mara tatu akajifunika kanga usoni.

"Kwa hiyo," mjomba akasema polepole, "nimeitikia marahaba kwa mtu anayenidai kadi?"

Nikatafuta pa kujificha. Kirikuu yenyewe fupi, uvunguni sienei.

"Na wewe, tangu umefika na mahoni yako, umeniamkia?"

Jamani. Sikuwa nimemwamkia.

Nimepitishwa nyumba hadi nyumba, kwa miguu, shikamoo, shikamoo, huku watoto wananifuata wakinidai kadi. Nilipomaliza ya mwisho ndipo mjomba akaruhusu mananasi yapakiwe.

Sasa nipo kwangu Mafiga, mzigo umefika salama, milima nimeipanda na kuishuka. Chekeni mpaka mchoke. Fundi anataka kumng'oa huyo dada, nimemkatalia. Kwao miaka yote alilalamika tu. Mkuyuni ndiko alikoitikiwa.