Diski ya Dubai

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Laptop imetumia dakika kumi na moja kufungua picha moja ya bibi harusi. Nimepima kwa saa. Nimekwenda msalani, nimekunywa kahawa, nimerudi, Najma kafika kiunoni tu. Miguu bado iko njiani.

Picha ni mia nne. Zinatakiwa Jumamosi asubuhi, zimesafishwa, ziko ndani ya albamu, kabla mama yake, Bi Siwema, hajapanda basi la Tanga. Bi Siwema ni dada wa mke wangu. Mke wangu Mwanamkuu ndiye mwenye chumba hiki cha studio, urithi wa baba yake. Kasema kwa upole (upole wake naujua!) kwamba nikimwaibisha kwa dada yake, chumba anampangisha muuza mapazia. Na mimi nikapige picha mapazia.

Severine wa studio ya ng'ambo ya barabara kanisalimia kwa sauti ya kufika kituo cha mwendokasi. Shikamoo babu! Kompyuta imeamka au tuipelekee uji? Nikamvutia marahaba ndefu. Wateja amechukua, lakini shikamoo ni haki yangu.

Jioni nimefuta kadi ya kamera ili nipige paspoti za wanafunzi. Picha za harusi nilishazimwaga kwenye laptop. Mimi mtu wa mpangilio.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda kwa fundi Abubakary. Kafungua laptop, kakuta mende, mzima wa afya. Kasema mashine si mbovu, diski ndiyo imezeeka, inazunguka kama jiwe la kusagia. Tuweke SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, tuongeze na RAM, kumbukumbu ya mashine, mzee wangu utaruka. Nikauliza kama hakuna njia isiyo na gharama. Kasema ipo, dua.

Tumebadilishana: nimempa feni ya studio. Wateja watatoka jasho. Jasho linang'arisha uso.

Jumatano, 3 Septemba

Fundi kaweka diski mpya. Akauliza, tuhamishe vitu vya diski ya zamani? Itachukua mpaka kesho. Kabla sijajibu, akaropoka kwamba hata Severine anatafuta diski, yake imejaa.

Akili ikawaka! Nikamwambia asihangaike, picha zimo kwenye kadi. Anipe tu ile kongwe yangu na lile boksi la diski mpya.

Kongwe ndani ya boksi. Boksi kwa Bushiri, muuza kahawa. Aende kwa Severine, aseme katumwa na baharia aliyetoka Dubai jana. Bushiri akataka jina la baharia. Nikamwambia mabaharia hawana majina, wana haraka.

Saa kumi alasiri Severine kanunua. Naye angoje miguu ya mabibi harusi.

Alhamisi, 4 Septemba

Laptop inawaka kabla sijakaa kitini. Maajabu! Nikachomeka kadi.

Wanafunzi thelathini na wawili, wote wamenuna. Najma hayupo. Nikachomoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha. Wanafunzi wamenuna zaidi.

Nikafungua daftari hili, Jumatatu. "Nimefuta kadi." Mwandiko wangu.

Sasa nina mashine yenye mbio kuliko zote Kariakoo, na haina cha kufungua. Mwanamkuu kaleta wali, kauliza kazi inakwendaje. Nikasema inakwenda kasi. Mchana muuza mapazia kapita kupima upana wa mlango.

Ijumaa, 5 Septemba

Baada ya swala nikavuka barabara. Nilipanga kumwambia Severine kwamba diski ile ni ya wizi, inatafutwa, anipe nimfichie. Sijamaliza neno "polisi", kanigeuzia skrini.

Najma, anang'aa, anakata keki. Nyuma yake kioo cha ukumbini. Ndani ya kioo mimi, kamera mkono mmoja, sambusa mdomoni.

"Babu," kasema, "kumbe na wewe ulikuwa Dubai?"

Nikakaa. Nikamweleza habari ya mapazia, bila kuongeza chumvi. Kisha akasema picha zote kazihamisha juzi usiku kucha, jana kazisafisha, maana Najma alilia wanja ukamtiririka, na hakuna mtu anayeweza kumwacha bibi harusi hivyo. Albamu nitaipata kesho alfajiri. Bei yake moja tu. Miaka saba ananiamkia yeye. Leo nianze mimi.

Bushiri alikuwapo na birika lake. Na wateja wawili.

Nikaisema haraka. Kasema hajasikia. Nikarudia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Bushiri kamwaga kahawa.

Jumamosi, 6 Septemba

Albamu ni nzuri. Neno hilo nimeliandika hapa tu, siwezi kulitamka.

Bi Siwema kaikumbatia, kalia. Kisha kageuza picha moja, kaona muhuri nyuma: SEVERINE. Kauliza ndiye nani huyo. Nikamjibu ni jina la kiwanda cha karatasi. Basi, kasema, kuanzia leo picha za ukoo wetu zote ziwe za Severine, nisimletee karatasi nyingine! Mwanamkuu kanitazama. Kacheka mpaka mtandio ukaanguka.

Chumba kimebaki. Feni haijarudi.

Jumapili, 7 Septemba

Severine kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, ananingoja nianze. Nikajifanya nakohoa.

Bushiri kanidokeza kwamba Severine anatafuta kamera ya akiba. Ninayo moja uvunguni. Lenzi imeota ukungu, kila bibi harusi anatoka kama jini. Nimeipangusa, nimeitia kwenye boksi safi. Safari hii baharia katoka Oman.

Kadi imo humo humo ndani. Sina haja ya kuangalia ina nini.