Siku Nane za Kutoanguka

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa chini bila kupanga, mlangoni mwa jiko. Wengine wangesema nimeanguka. Nina miaka sabini na nne, najua tofauti. Anayeanguka hupiga kelele. Mimi nilinyamaza, nikatazama juu, nikagundua bati moja linavuja.

Mke wangu, Adelgunda, hakunyamaza. Kufikia saa nne binti yetu Agnetha alishapiga simu kutoka Bukoba. Mara ya tatu tangu Pasaka, akasema. Atakuja Jumamosi kuiona nyumba mwenyewe, na asiporidhika ananichukua nikaishi kwake. Kwake! Ua wote saruji, hata mgomba mmoja hakuna. Nikiamka asubuhi nitatazama nini? Gari la jirani?

Nimeogopa, nakiri. Shamba hili la hapa Ndama nimelilima tangu nikiwa kijana. Siondoki.

Jumanne, 12 Novemba

Swali la leo: mtu huanguka kwa nini hasa? Ajabu, miaka yote hii sijawahi kujiuliza.

Nimefanya utafiti. Nimesimama kwa mguu mmoja, nikahesabu mpaka nne, kisha nikashika mlango. Si kwamba niliuhitaji. Ulikuwa karibu. Adelgunda alisimama kwa mguu mmoja huku anamenya ndizi, akafika thelathini, akauliza kama aendelee. Nikamwambia wanawake wana nyayo pana.

Nikapima njia ya chooni. Hatua arobaini na moja, mizizi miwili, jiwe moja, mteremko. Kandambili zangu zimelika kisigino mpaka nagusa ardhi. Hilo nimeliona lakini sidhani lina uhusiano.

Mchana nikapata jibu! Babu yangu aliishi kwenye msonge, sakafu imetandikwa nyasi mbichi, na sikuwahi kusikia kwamba ameanguka. Sisi tuna saruji iliyopigwa niru, laini kama sahani. Kosa ni la saruji! Keshokutwa anakuja Vestina, mhudumu wa afya wa kitongoji. Agnetha amemwomba akague nyumba na kumpigia simu. Atakuta nyasi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekata nyasi tangu asubuhi, nimetandika sebule nzima. Inanukia kama siku ya harusi. Adelgunda alikuja, akatazama, akasema nyasi za wazee zilikaa juu ya udongo na udongo ulizishika, lakini juu ya niru zitatembea. Nikamwambia asiharakishe mambo ya utafiti.

Nikapita juu yake. Zinatembea kidogo. Nikaokolewa na kabati.

Nilikuwa nimeanza kuzitoa, ndipo likaja wazo. Jirani yetu Elpidius ana miaka sabini na saba na kila Jumapili baada ya ibada hutangaza kwamba hajawahi kuanguka. Agnetha hunitajia jina lake kila tunapozungumza. Je, Elpidius akiteleza hapa kesho, mbele ya Vestina? Sitaki aumie. Ateleze tu, kiheshima, aangukie kiti chenye mto. Nimemwalika aje kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kiti nimekiweka.

Alhamisi, 14 Novemba

Elpidius alifika na fimbo yake. Akavua viatu mlangoni, akaweka kiganja ukutani, akaja taratibu mpaka kwenye kiti, akakaa. Hakuna hata unyasi mmoja uliosogea!

Nyuma yake akaingia Vestina, miaka ishirini na sita, faili mkononi. Akasema shikamoo, akapiga hatua mbili, akaenda chini. Karatasi zikatapakaa mpaka chini ya kabati. Hakuumia, alicheka mwenyewe. Mimi nilikuwa nishachukua daftari. Ugunduzi mkubwa: umri si sababu! Nikamsomea. Naye akaandika yake: nyasi zitolewe, kandambili zitupwe, jikoni kuwe na taa, njia ya chooni iwekwe mti wa kushika.

Alipoondoka nikamuuliza Elpidius siri yake. Alichukua punje za kahawa kavu, akazitafuna. Kisha akasema, "Mwaka jana nililala kwenye mibuni yangu toka asubuhi mpaka adhuhuri. Niliita mpaka sauti ikaisha. Tangu siku ile nashika kila kitu."

Ameanguka mara nne. Hakumwambia mtu, hata wanawe, kwa aibu. Akaniomba nisiseme. Nimeliambia daftari hili tu. Nimezitoa nyasi mwenyewe, na niliona haya kukitazama kile kiti chenye mto.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwenda Kihanga kununua viatu vya raba. Niliporudi nikamkuta fundi Gaspari anashindilia udongo. Njia yote ya chooni imesimamishwa nguzo, na juu yake umelazwa mti mrefu wa kushika. Nikazisogelea zile nguzo. Nikazitambua. Miti yangu ya panda! Ile bora kabisa, niliyoitunza kwa ajili ya kuegemeza mikungu!

Nililalamika sana. Adelgunda aliendelea kupepeta maharage mpaka nilipomaliza.

"Baba Agnetha," akasema, "mkungu ukiinama unaukimbilia na mti. Mimi nikuone wewe umeinama ninyamaze?"

 Nimekwenda chooni mara tatu, kuujaribu huo mti tu.

Jumamosi, 16 Novemba

Agnetha amekuja, amekagua kila kitu, hata chini ya kitanda. Nilimtembeza njia ya chooni nikimweleza kwamba miti hii ni matokeo ya utafiti wangu. Adelgunda alikohoa. Agnetha aliushika ule mti, akautikisa, haukutikisika. Machozi yakamlengalenga. Akasema ninaweza kubaki, maadamu mti unabaki. Ukiondolewa, au nikianguka tena, anakuja na gari siku hiyohiyo.

Ninabaki! Nimekula matoke sahani mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Upepo mkali baada ya ibada. Mgomba wa nyuma ya jiko una mkungu wenye chana kumi na moja. Kumi na moja! Elpidius hajawahi kupata zaidi ya tisa. Mgomba umeinama vibaya, na sina mti wa panda hata mmoja. Yote iko njia ya chooni.

Nimezihesabu zile nguzo. Sita. Nani anahitaji sita? Nimechomoa moja tu, ya katikati. Mti wa kushika umelegea kidogo, lakini kwa macho huwezi kujua. Agnetha alisema mti usiondolewe. Nguzo hakuitaja.

Jumatatu, 18 Novemba

Mkungu umesimama imara.

Mimi nimekaa chini bila kupanga, njiani kwenda chooni. Niliegemea katikati. Kifundo cha mguu kimevimba, si sana. Nilimkumbuka Elpidius kwenye mibuni, nikaanza kuita mapema kabla sauti haijaisha. Nilipiga kelele, ndiyo. Nilikuwa naita, si kuanguka.

Adelgunda alitokea akikimbia, simu inalia mkononi. Agnetha. Adelgunda aliniangalia mimi, akaangalia shimo la nguzo, akaangalia mkungu. 

"Baba yako yupo," akamwambia. "Amekaa anatazama migomba yake."

Akakata simu. Akaninyanyua, akanifunga kitambaa kifundoni. Akasema huo ni uongo wake wa mwisho, na nguzo irudi kabla ya chakula cha mchana cha kesho, la sivyo atampigia Agnetha yeye mwenyewe.

Nimeapa itarudi. Nampenda sana mwanamke huyu, na kesho nitamshangaza. Nimekaa pale chini muda wa kutosha kuichunguza ile njia, na ni udongo mtupu, hakuna saruji. Udongo hushika nyasi, alisema mwenyewe! Nguzo ibaki kwenye mkungu. Asubuhi na mapema, kabla hajaamka, nitatandika nyasi mbichi mpaka mlangoni mwa choo.